Chini ya Maneno ya Injinia

Siku mliyoniaga kwa pilau, soda na saa ya ukutani, kana kwamba mstaafu ndiye anayehitaji sana kujua muda, mmoja wenu aliniomba niandike "kidogo" kuhusu miaka yangu ya Kibondo na Kasulu. Alilitamka neno "kidogo" kama mtu anayemjua vizuri anayemwomba. Nitajitahidi. Vyeo nitaviruka kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara nitauruka kwa sababu hiyo hiyo. Nitaandika juu ya jambo moja ambalo chuo kikuu hakikunifundisha, na ambalo nanyi, kwa kadiri ninavyozisoma barua pepe zenu, bado mnalitafuta: namna ya kumjibu mtu aliyekuandikia, ili ajue kwamba unamjibu yeye, na unamjibu nini.

Nilifika Kibondo mwaka 2012, umri umeshaenda, nikiwa na shahada ya jiografia na koti la mvua lililopasuka kwapani. Niliajiriwa kwenye mradi wa maji ya mserereko, yaani maji yanayotoka kwenye chemchemi ya mlimani na kushuka yenyewe kwa bomba mpaka kijijini, bila mashine wala dizeli. Mafundi na mainjinia walifanya kazi hiyo. Mimi nilikuwa mratibu wa mawasiliano. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mratibu ni mtu ambaye hajengi kitu chochote lakini hulaumiwa kwa kila kilichojengwa vibaya.

Aliyenipokea ofisini alikuwa Mama Adelina, katibu muhtasi, Muha wa Kasulu, aliyekuwa amepiga chapa barua za serikali tangu enzi za mashine zinazogonga kama mvua ya mawe juu ya bati. Alinikaribisha kiti, akanipa chai, akaniuliza, "Unajua kuandika barua, baba?"

Nikamwambia nimeandika tasnifu.

"Sijakuuliza tasnifu. Barua."

Alinipa kazi ya kuandika barua fupi kwa mwenyekiti wa kijiji. Niliandika kwa majivuno, nikampa. Hakuisoma. Alitoka nayo nje, akaidondosha kwenye vumbi mbele ya mlango, akaiokota na kurudi nayo.

"Nimeiokota barabarani," akasema. "Simjui aliyeandika, simjui aliyeandikiwa. Sasa nakusomea. 'Kuhusu lile suala letu, tumelipokea na tumekubali.' Suala lipi? Lenu na nani? Mmekubali nini?"

"Mwenyekiti anajua, Mama. Yeye ndiye aliyeniuliza."

"Leo anajua. Mwezi ujao je? Na akifa?"

Nililiona ni swali la kikatili kwa siku ya kwanza kazini. Lakini nimekaa na swali hilo mpaka nimestaafu. Barua inayojibu barua nyingine inatakiwa isimame kwa miguu yake hata ikiokotwa na mpita njia. Ndiyo maana wazee wa ofisi walianza na "Tafadhali rejea barua yako" kisha wakaeleza barua hiyo ilisema nini. Tulipokuwa wanafunzi tuliwacheka. Tulidhani ni urasimu tu, kumbe ilikuwa huruma kwa msomaji.

Muda si mrefu wilaya zikagawanywa. Kibondo ikazaa Kakonko, Kasulu ikazaa Buhigwe, na mafundi wetu, waliokuwa wakibishana kwenye meza moja kubwa, wakatawanywa kufuata mipaka mipya. Mezani kulikuwa na faida ambazo hatukuzijua mpaka tulipozikosa. Ukisema neno, mwenzako akikunja uso, unajua hajaelewa. Ukisema "ile," unanyoosha kidole. Barua pepe haina uso wala kidole. Tuliingia humo kila mtu na modemu yake ya kuchomeka, jenereta ya ofisi ikizimika katikati ya sentensi, na wengi wakisoma kwenye simu zenye kioo cha ukubwa wa kiberiti.

Tuliingia pia na desturi zetu zote. Ujumbe ulianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu," nawe ukitazama hapo juu hukuti kichwa, unakuta nafasi tupu. Salamu zilifuata: za mwandishi, za mkewe, za hali ya mvua. Huku nyanda za juu mtu hakimbilii shida yake. Atasema *mwakeye*, ataitikiwa, atauliza watoto na ng'ombe, ndipo aseme nyumba inaungua. Mimi naipenda desturi hiyo. Lakini kwenye simu ya kioo kidogo, salamu zilimaliza ukurasa na nyumba ikaendelea kuungua upande wa pili.

Kisa cha kwanza kilichonichosha kilitoka Nyabibuye, karibu na mpaka wa Burundi. Nilimwandikia fundi wetu wa huko maswali matatu: tangi limekauka saruji? Valvu zimefika? Kijiji kimechagua walinzi? Baada ya siku kadhaa likaja jibu, bila swali langu hata moja ndani yake: "Ile ndiyo. Ile nyingine bado. Hiyo ya mwisho tulishamaliza zamani."

Kwa kuwa wakati huo nilikuwa nimemwandikia mara mbili, sikujua "ya mwisho" ni ya ujumbe upi. Simu haikushika. Nikapanda gari la mradi kwenda Nyabibuye, vumbi mpaka kwenye kope, kwenda kuuliza maana ya neno "ile."

Fundi alinikuta nimesimama kando ya tangi lake.

"Mratibu! Umekuja kukagua?"

"Nimekuja kuuliza. Uliandika 'ile ndiyo.' Ile ipi?"

"Ile uliyoniuliza."

"Nilikuuliza nini?"

Akanitazama kwa masikitiko ya kweli. "Si wewe uliyeandika? Kama mwenyewe umesahau, mimi nitakumbukaje?"

Tulikula naye ugali wa muhogo na dagaa, tukajibizana maswali matatu kwa mdomo kwa muda mfupi kuliko wa kunawa mikono, nikarudi Kibondo. Tangu hapo nikawa nawaomba mafundi: acha swali langu mahali pake, andika jibu lako chini yake, nenda swali linalofuata, andika chini yake. Kama mtu anayemjibu mwenzake barazani. Wengine walinisikia. Wengine walinijibu, "Sawa," nami sikujua wanakubali ombi lipi.

Mwaka uliofuata ofisi ilihamia Kasulu. Tulibeba meza, jenereta na Mama Adelina, ambaye alisema amerudi nyumbani bila kuomba uhamisho, na kwamba hayo ndiyo matunda ya kukaa kimya. Mkuu wa mradi alikuwa Injinia Shabani, mtu wa Tanga, mpole, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Barua pepe zake zilikuwa ndefu na nzuri. Ungeweza kuzisoma kwa sauti harusini. Buhigwe tulikuwa na Deus, injinia kijana kutoka Bukoba, mwepesi wa kila kitu, aliyejibu ujumbe kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe cha kutuma. Na kijiji cha Rungwe Mpya alikaa Yustina, fundi sanifu wa maji, mwenye stashahada yake na pikipiki yake, aliyepanga chumba hapo hapo kijijini.

Mjadala wetu wa pamoja wa barua pepe ulikuwa umeota maradhi yake. Ukijibu ujumbe, kompyuta hubeba maneno ya waliotangulia na kuyawekea mshale mdogo mwanzoni mwa kila mstari. Anayefuata akijibu, mishale inakuwa miwili, kisha mitatu. Kwa kuwa hakuna aliyefuta kitu, baada ya wiki moja ukurasa ulisimama miiba kama nungunungu, na haikujulikana tena mishale minne ni ya nani. Juu kabisa palikuwa na mstari mmoja: "Naunga mkono hoja." Tuliutoa kwenye mikutano, tukauhamishia humo bila kufikiri. Mkutanoni, anayeunga mkono hoja huwa amemsikia msemaji dakika hiyo hiyo. Kwenye barua pepe unaunga mkono kitu kilichoko chini ya miiba yote ile, na hujakiona.

Niliwahi kumuuliza fundi mmoja kwa nini hafuti angalau nusu. Alishtuka. "Nifute maneno ya Injinia? Mratibu, unataka nifukuzwe?" Hapo nikaelewa kwamba tatizo halikuwa uvivu. Kumkata mkubwa maneno ni utovu wa adabu, na vijana wetu walilelewa vizuri. Yaani malezi mema yalikuwa yanatuzamisha.

Rungwe Mpya ilikuwa inasubiri maji. Palikuwa na chemchemi mbili juu ya kijiji. Moja ilikuwa karibu. Nyingine ilikuwa mbali, upande wa pili wa kilima, na bomba lake lingekuwa refu zaidi ya mara mbili. Injinia Shabani alituandikia sote. Katikati ya ujumbe wake mrefu, baada ya salamu na kabla ya dua, kulikuwa na maneno haya: "Wapo wenzetu wanaosema tutumie chemchemi ya karibu kwa kuwa bomba litakuwa fupi na kazi itakwisha mapema. Mimi sina uhakika. Nyinyi mlioko huko mnaonaje?"

Deus aliusoma mbio mbio kwenye simu, njiani. Yeye alikuwa mmoja wa wachache waliokubali kufuta maneno, kwa kuwa alipenda kuokoa bando. Alifuta mwanzo, akafuta mwisho, akabakiza kipande alichodhani ndiyo maelekezo, akakituma kwa wote: "Injinia Shabani aliandika: tutumie chemchemi ya karibu kwa kuwa bomba litakuwa fupi na kazi itakwisha mapema." Chini yake akaongeza: "Naunga mkono hoja."

Hakuwa na nia mbaya. Alikata mkia wa sentensi na kichwa chake, ikabaki nyama tu. Lakini swali la mkuu likawa amri ya mkuu, na tena limesainiwa kwa jina lake. Kutoka Kakonko likaja "naunga mkono." Kutoka Kibondo likaja "naunga mkono, mkuu amenena." Mtunza stoo akaandaa mabomba. Mimi nilikuwa Nyabibuye wiki hiyo, na niliporudi nikakuta mambo yamekwisha, watu wote wamekubaliana, nikafurahi kama mratibu yeyote anavyofurahi akikuta hakuna wa kumpatanisha.

Ndipo asubuhi moja Yustina akaingia ofisini na helmeti mkononi, nyusi zimegeuka nyekundu kwa vumbi. Alimwamkia Mama Adelina kwanza, kwa ukamilifu, akauliza mgongo wake, akapewa kiti, hakukaa.

"Mratibu, mbona hamnijibu?"

"Hukutuandikia, Yustina."

"Niliandika. Wiki imepita."

Nikafungua kompyuta, jenereta ikikohoa nje. Nikautafuta ujumbe wake, nikaupata. Ulikuwa ni miiba mitupu: maneno ya Deus, ya Kakonko, ya Kibondo, na chini zaidi ule ujumbe mzima wa Injinia tangu salamu mpaka dua.

"Hakuna kitu hapa. Umeturudishia tu tulivyoviandika."

"Teremka."

Nikateremka.

"Bado. Teremka."

Chini kabisa, baada ya jina la Injinia na namba zake za simu, palikuwa na mistari miwili: "Kwa heshima kubwa, chemchemi ya karibu hukauka kila kiangazi. Naomba tusiitumie."

"Sasa mbona umeificha huku?" nikamuuliza.

"Sikuificha. Nitakaaje juu ya maneno ya Injinia?" Alilisema hilo kama mtu anayeeleza kwamba haiwezekani kukaa juu ya meza ya altare. "Yeye mkubwa, maneno yake yatangulie. Mimi chini."

Mama Adelina aliinua macho kutoka kwenye kazi yake. "Na hao waliokaa juu yake na 'naunga mkono' zao?"

"Hao wana digrii, mama," akasema Yustina, akanitupia jicho. Nililipokea kwa niaba ya wenye digrii wote.

Kisha akakaa, na sauti ikamshuka. "Mabomba yameletwa jana. Kesho asubuhi kijiji kizima kinaanza kuchimba mtaro kwenda chemchemi ya karibu. Sasa hivi maji yapo, mvua si imeisha juzi tu. Septemba hapatakuwa na tone. Mratibu, wale watu walishachimba mara moja, mradi uliotangulia. Walichimba, wakafukia, wakaimba, bomba likakauka. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Mama Felista, ameniambia: tunachimba mara hii kwa sababu yako wewe unayelala hapa hapa; likikauka, hatushiki jembe tena, hata aje nani. Na mlango watakaokuja kuugonga ni wangu."

"Umewaambia kwamba itakauka?"

"Wanajua! Wamezaliwa pale. Wanasema serikali imepima, labda imeona maji chini ambayo wao hawayaoni. Mimi nami nikasema, Injinia ameamuru, labda ana vipimo."

Nikampigia Deus. "Kaka, mimi nafuata maelekezo ya mkuu," akasema. "Hata mimi nilishangaa, lakini mimi ni nani nimbishie Shabani?" Nikampigia Injinia. Alikuwa Kigoma mjini kwenye mkutano, simu imezimwa. Yustina akasema huwa anafungua barua pepe kwenye simu yake wakati wa mapumziko ya mchana. Basi tulikuwa na nafasi moja, nayo ilikuwa na ukubwa wa kioo cha simu ya Injinia Shabani.

"Kaa hapa uandike wewe," nikamwambia. "Wewe ndiye unayeijua chemchemi."

Alianza: "Kwanza ninamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutuamsha salama."

"Yustina."

"Nimsalimie angalau!"

"Salamu moja."

"Na familia yake? Mkewe aliugua."

"Mkewe tutampigia jioni. Sasa hivi andika yanayoweza kuonekana bila kuteremka."

Akafuta, akaandika salamu moja, akasimama. Kidole chake kikaning'inia juu ya ule ujumbe mrefu wa Injinia uliokuwa umekuja wenyewe chini. "Na haya? Niyaache yote?"

"Futa yote, bakiza mistari ile mitatu inayouliza."

"Siwezi kumkata Injinia maneno."

Nilianza kumweleza kwa ufasaha wa jiografia yangu yote kwamba huo ndio utaratibu wa majadiliano ya kisasa. Hakusogea. Aliyenisaidia ni Mama Adelina, ambaye alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Yustina.

"Mwanangu, baba yako akikwambia maneno mengi, ndani yake kuna swali, unamjibuje?"

"Ninasema, 'Baba, umeniuliza habari ya mbuzi. Mbuzi amepona.'"

"Unamrudishia hotuba yote?"

"Hapana, mama. Atadhani namdhihaki."

"Basi umemkata maneno?"

Yustina akafikiri. "Hapana. Nimemshikia lile alilotaka."

"*Ego*, ndiyo hivyo. Mshikie Injinia lile analotaka. Lakini ulishike zima. Huyo mwenzenu wa Buhigwe amelishika nusu, ndiyo maana mnakimbizana."

Hili, vijana wangu, ndilo ninalotaka mlibebe hata kama mtaacha mengine yote. Kumnukuu mtu si kumbeba mzima mgongoni, wala si kumnyofoa unachokipenda. Unabakiza maneno yake yanayotosha kumfanya mwenyewe, akiyasoma, aseme, "Naam, hivyo ndivyo nilivyosema." Kama alikuwa anasimulia maneno ya wengine, yaache yabaki ya wengine. Kama alikuwa anauliza, iache alama ya kuuliza. Na jibu likae chini yake, karibu, likigusana nayo. Yustina alikuwa sahihi tangu mwanzo kutaka maneno ya mkubwa yatangulie. Kilichomponza ni kwamba aliyatanguliza yote.

Ujumbe ulioondoka Kasulu siku ile ulikuwa hivi. Kichwa cha habari: "Rungwe Mpya: tuchague chemchemi ipi? Jibu linahitajika leo." Ndani:

"Injinia, shikamoo. Uliandika:

'Wapo wenzetu wanaosema tutumie chemchemi ya karibu kwa kuwa bomba litakuwa fupi na kazi itakwisha mapema. Mimi sina uhakika. Nyinyi mlioko huko mnaonaje?'

Mimi niliyeko huku naona tusiitumie. Hukauka kila kiangazi, na wanakijiji wote wanajua. Ya mbali haikauki. Kesho asubuhi wanaanza kuchimba. Twende ipi? Yustina."

Aliusoma mara tatu. "Mfupi sana. Ataona nina kiburi."

"Ataona una kiu," akasema Mama Adelina, akarudi kwenye kazi yake.

Akautuma. Tukakaa. Hakuna kazi ngumu katika uratibu kama kutazama kisanduku cha barua ambacho hakijabadilika. Jenereta ikazima, tukaiwasha. Yustina akakataa chai, kisha akanywa vikombe viwili.

Baada ya adhuhuri jibu likaingia, limetumwa kwa wote. Injinia Shabani, mtu wa ujumbe mrefu kama mkeka, alikuwa amefuta kila kitu akabakiza mstari mmoja wa Yustina:

"'Hukauka kila kiangazi, na wanakijiji wote wanajua.'

Hata mimi nilihofia hivyo. Nilipoona mmeunga mkono wote, nikadhani mnajua nisilolijua, nikanyamaza. Naomba mnieleze, ni nani aliyeamua ya karibu? Twendeni ya mbali. Ahsante, binti yangu."

Nililisoma kwa sauti. Injinia hakuitaka ile chemchemi. Deus aliishangaa. Yustina aliikataa. Kijiji kiliijua. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameitaka, na mabomba yake yalikuwa yameshapakuliwa.

"Kwa hiyo tulikuwa tunamtii nani?" akauliza Yustina.

Alishavaa helmeti.

Kesho yake niliondoka na gari alfajiri kumfuata, nikijiambia kwamba mratibu anatakiwa kuwepo. Nilikuta watu wamejaa kwenye mteremko, majembe mabegani, wamesimama kwenye njia ya chemchemi ya karibu. Yustina alikuwa amepanda juu ya rundo la mabomba na simu mkononi, anawasomea.

"Injinia aliuliza: 'Nyinyi mlioko huko mnaonaje?' Mimi nikamjibu: 'Hukauka kila kiangazi, na wanakijiji wote wanajua.' Injinia akajibu: 'Twendeni ya mbali.'"

Minong'ono ikapita. Mama Felista, mwenyekiti wa kamati ya maji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde, akasogea mbele.

"Hebu rudia hapo katikati. Uliposema wanakijiji wanajua."

Yustina akarudia.

"Umemwambia Injinia kwamba sisi tunajua?"

"Nimemwambia."

"Na yeye akakubali kwamba tunajua?"

"Amekubali, mama. Ameyarudia maneno yenyewe, haya hapa."

Mama Felista akaichukua simu, ingawa maandishi yalikuwa madogo na miwani hakuwa nayo, akaitazama kwa muda, akairudisha. Kisha akawageukia wenzake. "Mmesikia. Ni mbali. Ni mbali sana, na mtaro ni mrefu, na mawe mnayajua. Lakini maji yapo." Hakuna aliyeshangilia. Mzee mmoja alitema mate pembeni, akasema angejua angevaa viatu. Halafu mstari wote ukageuka, ukaanza kupanda kilima.

Mimi nilikuwa nimesimama na daftari langu. Mama Felista alinipitia karibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni Mratibu, mama," akasema Yustina. "Anashughulika na maandishi."

"Ah." Akanikabidhi jembe la mtu aliyekuwa hajafika. "Aliyeandika mengi achimbe kidogo."

Nilichimba. Kufikia mchana viganja vyangu vilikuwa na malengelenge ambayo tasnifu yangu haikuwahi kunipa, na wanawake waliokuwa mbele yangu walikuwa wameshapotea kwenye kona, nawasikia wakicheka, na sikuuliza wanamcheka nani.

Nilirudi Rungwe Mpya mwezi Septemba, majani yamekauka, barabara imekuwa unga. Yustina hakuwepo, alikuwa juu, anasafisha chanzo. Nilisimama kwenye bomba lililo kando ya njia. Maji yalikuwa yanatoka, si kwa fujo, yanatoka tu. Mwanamke mmoja alikuwa anakinga, mtoto mgongoni, foleni ya ndoo nyuma yake. Nilimsalimu, tukaulizana hali zote zinazostahili kuulizwa, nikamwambia ninatoka mradi wa maji.

"Vizuri," akasema. "Maji tumeyaona. Lakini hili bomba mmeliweka mbali na zahanati. Manesi wanachota hapa hapa, nasi tunawapisha, foleni haiishi. Mtuongezee jingine kule."

Nikamwambia ni wazo zuri, na kwamba nitalifikisha.

"Utalifikishaje? Utaandika?"

"Nitaandika."

Akaitazama ndoo ikijaa, akaifunga koki.

"Basi tutangoja," akasema, akajitwika ndoo yake, akaondoka.